Msimsemee Baba

Mzazi akipata kiharusi, swali la kwanza la jamaa ni kama anatembea. Mguu ukirudi, wote wanamshukuru Mungu na kwenda zao. Habari ya maneno yaliyopotea wanaachiwa watoto.

Hali hiyo huitwa afasia, na humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopatwa na kiharusi. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na karibu silabi moja tu, "tan", ilhali aliyoambiwa aliyaelewa kwa kiasi kikubwa. Lugha imeumia, akili ipo.

Baba yangu anataka chumvi, anasema "kesho". Papo hapo anajua amekosea, anapiga meza kwa kiganja. Halafu jioni anasali sala nzima bila kukwama, maana yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi husalimika. Wageni wakimsikia wanadhani anatufanyia makusudi!

Kinachonikera ni daktari kunigeukia mimi na kuuliza, "Mzee analala vizuri?" na mzee mwenyewe yupo, amekaa, anasikia. Nyumbani ni yale yale. Dada anammalizia kila sentensi, kwa mapenzi tu, lakini baba sasa hata haanzi. Kitinda mimba wetu naye alikuwa akimkwepa, akidhani kimya kile ni hasira juu yake. Hakuna aliyekuwa amemkalisha chini akamwambia kilichotokea. Watoto wadogo waelezwe, tena mapema, kwa jina la ugonjwa.

Kuna na jambo zito zaidi: mamlaka. Mtu mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" akimaanisha "hapana". Mtoto mwenye haraka ya kuuza kitu au kutoa pesa atalishika hilo hilo la kwanza. Mimi naona ni dhuluma, hata kama nia ni njema. Zima redio, uliza jambo moja, andika majibu mawili karatasini, aoneshe kwa kidole. Kisha uliza tena kwa namna nyingine. Inachosha, najua.

Na wanaotuambia muda umeshapita, tuache mazoezi ya kuongea, wamekosea. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno hata baada ya miaka. Kwa hiyo mkija kumwona, ongeeni naye yeye. Akikwama, subirini.