Matokeo Yasiyosema Mtoto Alianzia Wapi

Kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili, kuna mkazi mmoja katika kundi la WhatsApp la kata yetu ambaye huzipanga shule zote za wilaya kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha huturushia orodha hiyo kabla ya jioni. Mwaka huu shule yetu ya kata, huku Dodoma vijijini, ilikuwa ya tatu kutoka mkiani. Ujumbe wa hasira ulimiminika usiku kucha, na wengi wakaafikiana kwamba walimu wale wahamishwe wote, kwa kuwa shule ya binafsi iliyo barabarani, ambayo haiko mbali nasi, haikupata sifuri, yaani daraja la kufeli, hata moja. Nimeisoma orodha ile mara nyingi, na kila ninapoisoma naumia kwa sababu ileile: haina hata neno moja juu ya watoto wenyewe.

Watoto wale nawafahamu. Mmoja wao ni binti niliyeachiwa na marehemu kaka yangu, na wenzake ni watoto wa wakulima wa mtama na alizeti, wengine wakiwa wamepanga magheto karibu na shule kwa sababu kijijini kwao ni mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Mzazi ambaye hakupeleka mahindi na maharage ya mchango wa chakula, mtoto wake hukaa na njaa hadi jioni. Wasichana hukutana njiani na vijana wa bodaboda wenye lifti za bure, na kila mwaka tunajua wangapi kati yao hawakumaliza.

Kabla hata hawajakanyaga darasa la Kidato cha Kwanza, wanakuwa wamekwisha kuchujwa. Waliofaulu sana Darasa la Saba huchukuliwa na shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, na Msalato ambayo iko hapahapa mkoani kwetu. Baada yao hujazwa shule za ufundi, kisha za bweni, na wanaobaki ndio wanaopangiwa shule ya kutwa ya kata. Shule ya binafsi ya barabarani nayo huwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea, na najua familia mbili zilizoambiwa zitafute shule nyingine baada ya watoto wao kushindwa kufikia wastani. Wote wawili walihamia kwetu, na sasa matokeo yao yanahesabiwa kwetu.

Hata hivyo, jambo linalonisumbua kuliko yote ni lugha. Mtoto wa kwetu huzaliwa katika Kigogo na hukutana na Kiswahili kwa dhati anapoanza shule. Husoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu, tena mara nyingi kwa mwalimu ambaye mwenyewe hakukizoea. Kisha Januari moja anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta baiolojia, jiografia, hisabati na historia vyote vimegeuka kuwa Kiingereza, huku muda wa kumwandaa ukiwa ni wiki chache za mwanzo. Nimeyaona madaftari ya binti yangu ya mwaka ule: kurasa nzima zimenakiliwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, na nilipomuuliza maana ya sentensi ya kwanza alinyamaza, ingawa jambo lenyewe, usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, alikuwa amelijua vizuri tangu shule ya msingi na alinieleza bila kukosea nilipomuuliza kwa Kiswahili. Mtihani wa Kidato cha Pili haukupima kama anaujua usanisinuru. Ulimpima kama anaweza kuusema kwa lugha yake ya tatu. Mwenzake wa shule ya barabarani, aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea kwa ada ambayo mkulima wa alizeti hawezi hata kuiwaza, alipewa karatasi ileile, saa ileile, na sisi tukaziweka alama zao katika orodha moja.

Nakubali kwamba wapo walimu wasioingia darasani, na kwamba mkuu wa shule aliye makini huleta tofauti kubwa. Nakubali pia kwamba shule ya barabarani inafundisha vizuri. Lakini matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambapo takribani watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata sifuri, hayakuwa kazi ya walimu wavivu pekee. Yalitufikia miaka michache baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza 2004, kutapakaza shule za kata nchi nzima kwa kasi ambayo walimu, vitabu na maabara havikuweza kuifuata.

Januari 2023 Baraza lilifanya jambo la busara lilipoacha kutangaza shule kumi bora. Ninachoomba ni hatua moja zaidi. Baraza hilohilo ndilo linalotunga mtihani wa Darasa la Saba na wa Kidato cha Pili, na kila mtoto ana namba ya utambulisho, iitwayo namba ya PREM, inayomfuata kutoka shule ya msingi. Kwa hiyo linaweza kutuonyesha, pembeni ya matokeo ya kila shule, wanafunzi wake waliingia na madaraja gani, ili mzazi aone shule imewatoa wapi na imewafikisha wapi.

Binti yangu aliingia pale akiwa na wastani wa C, na D katika Kiingereza. Mwezi huu amepanda Kidato cha Tatu akiwa na Daraja la Tatu. Mwalimu aliyekuwa akibaki naye na wenzake saba hadi saa kumi na moja jioni, akiwafundisha kusoma aya moja moja ya kitabu cha baiolojia, ni mmoja wa wale ambao kundi letu linataka wahamishwe.