Babu wa miaka 78 alivyonikalisha kwenye ndoo

Naanza na kilo zangu maana ndo zilizoniponza. Mwaka ule nilikua na kilo 96, na sio kilo za chipsi mayai, ni kilo za vyuma, nimebeba vyuma Tandika toka form two, vile vya kienyeji vya zege kwenye makopo ya rangi, mpaka mtaani wakanibatiza Tingatinga. Sasa Tingatinga akapata skolashipu akaenda zake China kusoma uinjinia, mji unaitwa Zhengzhou, mkoa wa Henan, na huko ndo alikokalishwa kwenye ndoo ya maji na babu ambae ukimpima na koti lake na chupa yake ya chai hafiki kilo 60.

Karibu na hosteli yetu kulikua na bustani ya umma, na mle ndani kuna vyuma vya mazoezi vya bure, mi nikaona hela ya jimu ya nini, kila asubuhi nakwenda pale navuta zangu pulapu. Kama hujawahi kuingia bustani ya China saa kumi na mbili asubuhi huwezi amini wastaafu wana kazi nyingi vile. Huyu anatembea kinyumenyume, yule anagonga mgongo kwenye mti, bu! bu! bu!, wiki ya kwanza nilidhani kachanganyikiwa kumbe ndo mazoezi yenyewe, wengine wametundika vizimba vya ndege kwenye matawi wanasikiliza ndege wao wanavyolia, mmoja anachapa pia, ile ya kuzunguka, kwa mjeledi unalia kama risasi, bibi wa miaka sabini na kitu kapandisha mguu kwenye bomba usawa wa kichwa chake huku anapiga stori na mwenzake, mguu uko juu kule yeye wala hana habari. Na kuna mzee mmoja ana brashi ndefu kama fagio, anaichovya kwenye ndoo ya maji anaandika chini kwenye vigae, herufi kubwakubwa, zinakauka, anaandika upya. Mi nilijua anadeki.

Mkumbukeni huyo wa ndoo, ntarudi kwake. Au niseme nilirudi kwake mwenyewe, tena kwa kasi.

Jumapili moja nilikua na mshkaji wangu, mtu wa Tanga, alitutangulia mwaka mmoja na nusu kwaiyo Kichina kimemkaa. Chini ya miti mikubwa kuna wazee kama sita, wawiliwawili, wamegusanisha mikono wanazungusha polepole, mbele nyuma, mbele nyuma, ungesema wanawake wawili wanasaga mtama kwenye jiwe moja. Alafu ghafla mmoja anaruka hatua tatu nyuma, wanacheka, wanarudi.

Nikamuuliza, "Kaka, hawa wanafanya nini?"

"Tuishou. Kusukumana mikono, ni taichi hiyo, sanaa yao ya kupigana. Uking'oka miguu umeliwa."

"Sasa si wanabembelezana hawa?"

"Kaingie basi."

"Mi? Nimsukume babu wa watu? Akivunjika nyonga ubalozini ntajieleza vipi?"

Nikacheka, na mi kicheko changu sio cha siri. Babu mmoja mwembamba, kofia ya kitambaa, viatu vya kitambaa, chupa yake ya chai kaining'iniza kwenye tawi, akageuka akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba. Akaniita kwa mkono, kiganja chini, vilevile tunavyoitana kwetu. Nikasogea, shikamoo ikanitoka yenyewe. Akajibu "zhong!" Henan kila kitu ni zhong, sawa ni zhong, poa ni zhong, chakula kitamu ni zhong, ukijua hilo neno moja unaweza kuishi mkoa ule hata mwezi bila shida.

Nikamuuliza miaka kwa Kichina changu cha kuokoteza. Akanyanyua mkono mmoja, akabana vidole vitatu pamoja hivi kama mtu anaemega ugali, alafu akanyoosha kidole gumba na cha shahada, bastola kabisa, kanielekezea kifuani. Mi nikaelewa babu anasema kula kwanza ndo nikupige risasi. Mtanga kakaa chini kwa kucheka. Kumbe wenzetu wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, kumega ugali ni 7 na bastola ni 8. Sabini na nane.

Yani babu yangu mzaa mama alifariki hana hata hiyo miaka. Nikaanza kuogopa laana. Kwetu mtu mzima humpiti mbele hivihivi, sasa mi nakwenda kumsukuma? Nikapanga kichwani, ntamsukuma kwa robo ya nguvu, nikiona anayumba namdaka. Naapa ndo mpango niliokua nao, kumdaka.

Tukasimama, mguu mmoja mbele, nyuma ya kiganja changu imegusa nyuma ya kiganja chake. Mkono wake mkavu, vidole kama mihogo ya juani, na ananuka kitunguu saumu, maana watu wa kule tambi na punje mbichi ya kitunguu saumu ni pete na kidole. Akasema "zhong bu zhong?", nikasema zhong. Nikasukuma ile robo.

Sijui nieleze vipi. Umewahi kuegemea mlango ukidhani umefungwa kumbe umerudishiwa tu? Ndo hivyo. Pale penye kifua cha babu hapakua na kitu. Yeye hajarudi nyuma, hajavuta, hajanyanyua hata nyusi, kazungusha kiuno kidogo tu kama mtu anaempisha mwenzake kwenye koridoo, na mi nikapita. Nikajikuta nimeshika mti.

Wazee wakasema "aaaah" kwa adabu. Nikarudi. Sasa nikaweka nusu. Nikapita tena, safari hii mti wa upande wa pili. Vibibi vilivyokua vinacheza na mafeni ya mkononi pembeni vikazima redio vikasogea, na Mtanga nikamuona katoa simu.

Ya tatu nikajifanya mjanja. Nikawaza huyu ujanja wake ni kunipisha, basi sisukumi, namsubiri, najikaza hapahapa kama nguzo ya tanesko. Nikakaza miguu, nikakaza tumbo, nikakaza mpaka meno. Babu akaweka viganja viwili kifuani kwangu kwa upole kama daktari anaesikiliza mapafu. Akasukuma kidogo. Mi nikakaza zaidi kumpinga, si ndo akili yangu inavyonituma, na palepale akaachia, mwili wangu ukaanguka mbele wenyewe, nikajivuta haraka kurudi nyuma nisipige mdomo chini, na wakati narudi ndo akanisindikiza. Hakutumia nguvu, alinisindikiza tu kama unavyosindikiza mgeni mlangoni, ila mgeni mwenyewe nilikua nakwenda speed 80. Hatua nne nyuma. Nikasimama.

Hapo ningesema ahsante mzee nikaenda kunywa chai. Ila vibibi vinacheka, simu inarekodi, jina langu Tingatinga, na hasira zimenipanda mpaka masikioni. Ile laana nikaisahau. Nikaenda mzimamzima kumkumbatia, nimbebe juujuu nimweke pembeni kama gunia la mkaa, yaishe.

Sikuona alichofanya, nimekuja kukiona kwenye vidio, na vidio nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mikono yangu inafika, yeye anazama chini kidogo, anaingia ndani badala ya kukimbia, bega lake linagusa kifua changu, tik. Basi. Tena chini kwenye viatu vyake vya kitambaa kisigino hakijanyanyuka hata kidogo, ukisimamisha picha unaona. Sasa mi: hatua ya kwanza nyuma, ya pili, ya tatu vibibi vinakimbia na mafeni yao, ya nne kisigino kikagonga kitu, nikakaa.

Nilikaa kwenye ndoo ya yule mzee mwandishi. Ikapasuka ubavuni kwa sauti ambayo mwanzo nilidhani ni nyonga yangu, kumbe ni ndoo na suruali kwa pamoja, suruali mshono wa nyuma toka mkandani mpaka unapopajua. Maji yote yakamwagika juu ya shairi lake. Alikua kaandika mistari minne asubuhi ile, imebaki miwili na nusu, kwingine kote ni bwawa na mi katikati yake. Mzee kasimama na brashi yake mkononi ananiangalia. Hakunitukana, ingekua afadhali. Akachovya brashi kwenye lile bwawa, pembeni ya goti langu, akaendelea kuandika.

Babu wa taichi akaja, akaninyanyua kwa mkono mmoja (hilo nalo linauma), akaongea kirefu, nikamwambia Mtanga tafsiri.

"Kasema nguvu unazo, tena nyingi. Ila unapiga hodi kabla hujafika. Ukitaka kusukuma bega lako linapiga hodi kwanza, yeye anasikia anakufungulia mlango."

Na kweli wenyewe wanaita kusikiliza, ting, ndo lilelile neno la kusikia kwa masikio, ila hapa unasikia kwa ngozi, mwenzako anawaza kwenda kulia wewe ushajua toka kwenye mkono. Kuna mzee mwingine akaongeza msemo wao, kwamba liang nne zinasogeza jin elfu. Mtanga akapiga hesabu palepale kwa vipimo vya siku hizi, liang ni gramu 50 na jin ni nusu kilo, kwaiyo gramu 200 zinasogeza kilo 500. "Wewe ni 96 tu," akaniambia, "babu kakutumia kama gramu arobaini hivi."

Usiku nikiwa nimelala kifudifudi, maana mgongo haukai, nikaingia mtandaoni kutafuta nimekutana na nini. Kumbe mkoa niliopo ndo kwenyewe. Ng'ambo ya Mto Manjano, wilaya ya Wen, kuna kijiji kinaitwa Chenjiagou, ukoo wa Chen, wanasema mwanzo wa taichi ni babu yao Chen Wangting miaka ya 1600, na karne ya 19 ndo akatoka pale mwanafunzi mmoja wa nje ya ukoo, Yang Luchan, akaipeleka Beijing ikaanza kusambaa. Huyo Yang kuna hadithi yake kwamba shomoro akitua kiganjani hawezi kuruka, maana ndege ili aruke lazima asukume kwa miguu, na kila akisukuma kiganja kinashuka nae, hapati pa kukanyagia. Sijui kama ni kweli, ila mi nilimuelewa yule shomoro vizuri sana. Na 2020 UNESCO wameiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Usioshikika! Nikasema hao wa UNESCO na wao walijaribu kumshika babu.

Asubuhi ya pili nikarudi na ndoo mpya ya yuan 15. Babu alivyoniona akadhani nimekuja kujiunga, akanisimamisha chini ya mti, magoti nimekunja kidogo, mikono mbele nimezungusha kama nimekumbatia pipa, akasema tulia hapo. Nikajua ni dakika mbili. Akaenda kunywa chai. Akacheza chesi yao ile mechi nzima. Dakika 20 wadau, mapaja yanatetemeka kama daladala iko saileni, na kila nikinyanyuka kidogo anakuja ananigonga nyuma ya goti kwa kidole. Mazoezi yote yale ya vyuma hayajawahi kunifanya vile. Hosteli yetu vyoo ni vya kuchuchumaa. Kushuka nilishuka. Kupanda ndo ikabidi nimpigie simu Mtanga, akaja na kicheko chake, nikamwambia simu iache nje.

Ila vidio ya kwanza alishaituma kwenye grupu la Watanzania wa Henan, ikatoka huko ikaenda Guangzhou, ikafika Dar jioni ileile. Mama akanipigia.

"Mwanangu, nani kakupiga?"

"Hajanipiga mama, kanisukuma. Mzee mmoja hapa."

"Mzee wa miaka mingapi?"

"Sabini na nane."

Kimya. Nikajua network. Alafu akasema, "Ulimkosea nini mtu mzima wa watu?"

Nikaanza kueleza, ni mchezo mama, inaitwa tuishou, namsikia kule anamwambia baba, mwanao kaenda kugombana na wazee huko China. Baba akachukua simu, hakuuliza hata moja. Akasema nunua sukari kilo mbili, nenda kwake, umuombe radhi, piga picha unitumie niione. Akakata.

Nikanunua. Nikaenda nayo bustanini nimeishika kwa mikono miwili, nikatoa maneno ya kuomba radhi niliyokariri usiku mzima, Mtanga kasimama na simu kwa ajili ya picha ya baba. Babu akaupokea mfuko, akausoma, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akanionyesha kidole chake cha kati, mwanzo nikashtuka, kumbe anaonyesha ncha yake, ina vitundu vidogovidogo vya kupima damu. Ana kisukari, mwaka wa kumi na moja.

Sukari akachukua yule wa ndoo.