CV ya animeta iseme mkono wako umepita wapi

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu anatafuta kazi ya animesheni, kanitumia CV yake niipitie kabla hajaisambaza. Kurasa nne! Ya kwanza picha ya paspoti, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi aliyosoma. Linki ya kazi zake nimeikuta ukurasa wa nne, chini ya wadhamini, naibonyeza Google Drive inaniambia niombe ruhusa. Ruhusa ilipokuja ndo nikaumia kabisa, maana kazi yenyewe ni mama kabeba ndoo ya maji kichwani anapanda ngazi, kila akikanyaga kiuno kinahamia upande wa pili, shingo imetulia tuli, na mkono unawahi kushika ndoo kabla maji hayajamwagika. Huyu mtoto anajua uzito jamani, na nani angefika ukurasa wa nne akaliona hilo?

La linki ni rahisi. Ikae juu kabisa karibu na jina na namba ya simu, ifunguke bila kuomba ruhusa, rili, yaani video fupi ya kazi zako, iwe dakika moja au moja na nusu, kazi kali ianze. Ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni tunavyoeleza kazi zetu. Dogo kaandika alishiriki kutengeneza katuni ya watoto, basi. Kivipi? Alichora wahusika, alijenga modeli za 3D, aliziwekea mifupa ya kuzifanya zisogee, alipaka tekscha (rangi na sura ya juu ya modeli), alipanga taa, ama yeye ndo aliyewatembeza? Hizo mara nyingi ni kazi za watu tofauti, na studio inayotafuta mtu wa mifupa haina muda wa kubahatisha. Nikampigia, akanijibu, "Kaka, shoti zote za sokoni nimeanimeti mimi, na yule mbuzi modeli yake yangu." Sasa si ndo hiyo CV yenyewe! Iandike hivyohivyo, na kwenye rili weka maandishi madogo chini ya kila shoti: animesheni yangu, modeli na taa za wenzangu. Kizazi Moto ilipotoka Disney+ mwaka 2023, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za animesheni zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, majina yalipita mengi mwishoni na watu wametajwa kwa kazi zao. Ndivyo tasnia hii inavyosomana.

Halafu kuna suala la haki. Ukionyesha shoti imependeza kwa sababu ya taa na hutaji nani kazipanga, umebeba jasho la mwenzako. Dar, Nairobi, Kampala, watu wa fani hii wanajuana, na aliyepanga zile taa anaweza kuwa ndo anayekufanyia intavyuu.

Wa gemu ndo kabisa, renda nzuri, ile picha ya mwisho ya modeli, peke yake haitoshi. Onyesha modeli ikiwa na nyaya zake, ile mistari ya pembetatu inayoiunda, sema ina pembetatu ngapi, tekscha zina ukubwa gani, na picha iwe ndani ya Unreal au Unity, programu za kutengenezea gemu, kwa sababu modeli ya pembetatu milioni kadhaa itaielemea simu ya kawaida hata ingekuwa nzuri vipi, na anayeajiri anataka kujua kama unalielewa hilo.

Vile vimistari vya kujipima ujuzi, eti Blender (programu ya 3D) asilimia 85, viondoe, havimwambii mtu chochote. Na kama Blender umejifunzia nyumbani kwa YouTube bila chuo, andika bila aibu.

Haya, najua zipo ofisi za huku zitakazotaka vyeti na wadhamini watatu, wape, ila vikae mwisho. Na kama kazi bado iko kwenye mkataba wa siri, usiivujishe ili rili yako ing'ae, andika kile tu mkataba unachoruhusu, picha zisubiri mpaka wenyewe waitoe.