Malaria imenusurika kwenye karatasi, lori nani analitia dizeli?

Vijiweni Mtwara kuna maneno yanazunguka tangu Marekani wapitishe ile sheria yao ya kufuta fedha za misaada: "Malaria hawajaigusa, msituchoshe." Anayesema hivyo hajui chandarua kinafikaje Newala.

Haya, nakubali shingo upande. Ikulu yao iliomba Bunge lifute dola bilioni 9.4 zilizokwishaidhinishwa. Seneti ikanusuru milioni 400 za PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, malaria na kifua kikuu vikawekewa kinga, mswada ukapita kwa kura 51 dhidi ya 48. Wawakilishi wakaumalizia kwa 216 dhidi ya 213, na Trump akasaini Julai 24, 2025. Zikafyekwa kama bilioni 9: karibu 8 za misaada ya nje, zilizosalia za redio na televisheni zao za umma. Redio zao wenyewe hawakuzionea huruma, sembuse zahanati ya Liwale.

Ila kinga hiyo imekuja Julai. Amri ya kusimamisha kazi za misaada ilitoka Januari. Machi, Rubio, Waziri wao wa Mambo ya Nje, akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa. Julai 1 shirika likafungwa. Fungu la malaria limebaki kitabuni, lakini fungu halipandi lori.

Chukua vyandarua vya shuleni, mpango ulioanzia hukuhuku Lindi, Mtwara na Ruvuma mwaka 2013, kwa fedha hizohizo za Marekani. Chandarua hudumu kama miaka mitatu, tena kikifuliwa taratibu na kuanikwa kivulini. Ndiyo maana kiligawiwa kila mwaka kwa madarasa yaliyochaguliwa: kaya nyingi hazikosi mwanafunzi, chakavu kinapotoka kipya kinaingia. Mwalimu ahesabu watoto, idadi ipande wilayani, marobota yashuke shuleni kabla ya mvua kuanza Novemba au Desemba. Hesabu ikichelewa, inatumika ya mwaka jana na darasa moja linapungukiwa. Lori likichelewa, linakutana na tope, na mzigo unalala stoo ya wilaya. Ukiruka mwaka mmoja huoni kitu. Matundu yanaonekana msimu wa pili, wa tatu, na hapo mwanasiasa atalaumu mbu.

Vipimo navyo vina balaa lao. Kile cha haraka kinataka tone la damu na maji yake maalumu ya chupani. Chupa ikiisha kabla ya vipimo, mtu akatia maji ya kawaida, kipimo kinaweza kuonyesha malaria isiyokuwepo. Vipimo vikiisha kabisa, kila homa inapewa dawa mseto. Mtu mzima mmoja anameza vidonge 24 kwa siku tatu, kwa homa ambayo huenda ni mafua, na mtoto mwenye malaria kweli akija anakuta boksi tupu. Upungufu wa kitu kimoja unamaliza kingine.

Na tusijifanye watakatifu. Mwaka 2018 Bunge letu lilihamishia Mfuko Mkuu wa Serikali ile asilimia 65 ya ushuru wa kuuza korosho nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao. Wabunge wa kusini walipiga kelele, sheria ikapita. Washington hawakuhusika.

Halmashauri zetu zinakata ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho. Humo hutafuti bei ya vyandarua. Unatafuta dizeli na posho ya wanaohesabu na kugawa. Bajeti hupikwa mapema kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, kwa hiyo diwani aulizwe sasa. Ombi la mafuta likiletwa Mei, limeshachelewa.