Marehemu Kavaa Jezi Nyekundu

Baba mwenye nyumba wangu alimkuta marehemu baba yake chumbani kwangu, ukutani, anapiga tikitaka, amevaa jezi ya Simba.

Ngojeni nieleze kabla hamjaniitia kikao.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kutwa nzima nahesabu misumari, bawaba na mifuko ya saruji, na jioni nikifika Magomeni kichwa kinaendelea kujumlisha chenyewe, hata nikiona mabati ya jirani nayapigia hesabu. Wenzangu wana dawa zao. Kuna wa bao, kuna wa tamthilia, kuna wa ile chupa asiyotaka mkewe aijue. Mimi nakata karatasi. Nakata, napanga, nabandika, mpaka kitokee kitu. Wasomi wanaita kolaji. Mama mwenye nyumba anaita "mataka yako yale".

Raha ya kazi hii ni kwamba Dar haiishiwi karatasi. Kuna kalenda za mwaka jana, maana kila duka linagawa yake. Kuna mifuko ya kaki, iliyojaa mjini tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019. Kuna kadi za michango ya harusi, ambazo kwa mtu yeyote mwenye mshahara ni msitu wa miti ya mbao usioisha. Na kuna magazeti ya zamani yanayofungiwa vitumbua.

Gundi napika mwenyewe. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano, maji baridi kidogo, koroga mpaka madonge yaishe, kisha unamimina maji ya moto na kurudisha jikoni hadi ule weupe upotee, ubaki ute. Ndiyo hiyohiyo wanayobandikia matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme. Ubaya wake ni kwamba ni chakula. Wewe unaona gundi, sisimizi wanaona karamu. Jirani akanishauri nichemshe na karafuu, na kweli wadudu walipungua, ila kila nikibandika sufuria watoto wa korido nzima wanajipanga mlangoni na sahani, wanajua leo kwa anko kuna pilau.

Sasa, Jumamosi moja nilitumwa na njaa kwa bibi wa vitumbua wa pale kona. Kanifungia vitumbua vinne. Nilipomaliza cha mwisho, kutoka ndani ya gazeti kuna mzee ananitazama. Uso ule! Baraghashia imekaa upande, ndevu chache nyeupe, na jicho la kushoto limefumbwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini. Mafuta ya vitumbua yalikuwa yamelowa karatasi kuzunguka kichwa chake, yakafanya duara linalopitisha mwanga. Nikasema huyu hatupwi.

Maandishi ya juu ya picha yalikuwa yamechanika. Chini yake yalisalia maneno "na wote walioshiriki kwa hali na mali". Nikajua ni mgeni rasmi kwenye harambee ya kisima. Nani angejua?

Nilikuwa na kolaji inanisumbua wiki ya pili: pantoni la Kigamboni la karatasi ya kaki, bahari ya kadi za michango (za bluu, zile za ukumbi wa ghali), na juu pamebaki anga tupu linalodai rangi nyekundu. Nyekundu nzuri ni adimu. Mimi mpira siufuati, na najua kusema hivyo Dar ni sawa na kukiri hupumui. Nilichokiona kwenye ukurasa wa michezo ni nyekundu tu. Kijana kajirusha hewani, mguu mmoja mawinguni. Nikamkata shingoni taratibu, nikampandisha mzee. Akakaa kama kazaliwa hivyo. Nikafuta mapovu kwa kadi ya benki, matumizi pekee ambayo kadi ile ilikuwa nayo tarehe zile, nikaitundika kolaji mkabala na dirisha.

Ikaja masika, na bati la juu ya kitanda changu likaanza kutiririsha. Nikaripoti. Baada ya siku tisa na ndoo tatu, mzee mwenye nyumba akaja mwenyewe na tochi ya simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wapi panavuja?"

Nikamwonyesha. Akamulika dari, akamulika ukuta kufuata lile doa la maji, tochi ikashuka, ikashuka, ikasimama. Haikuondoka tena. Nikadhani ameona mende.

"Kijana," akasema polepole, "huyu ni baba."

"Baba wa nani, Mzee?"

"Baba yangu mimi. Mzazi. Marehemu."

Kuna kimya cha msikitini na kuna kimya cha lifti umeme ukikatika. Hiki kilikuwa cha pili. Nikatafuta cha kusema, na ulimi ukanichagulia vibaya: ukaamua kumfundisha historia ya sanaa. Nikamwambia hii ni kazi ya heshima, Mzee, wakubwa wameifanya. Picasso mwaka 1912 alichukua kitambaa kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, akakibandika kwenye picha, akaizungushia kamba, na leo dunia nzima inamsifu.

"Huyo Picasso kapanga au anakaa kwake?"

"Alishafariki, Mzee."

"Basi mwambie akikutana na baba huko amweleze yeye. Na kama ni sanaa, si uchore tembo kama watu wa Tingatinga?"

Nikaomba radhi ya kumkata marehemu kichwa. Nikaomba radhi ya miguu juu. Nikaomba radhi ya mafuta. Akawa anatikisa kichwa tu, kila radhi ninayotoa siyo.

"Miguu siyo neno," akasema. "Baba alikuwa mtu wa mazoezi. Neno ni hiyo jezi."

Hapo ndipo nikapewa habari kamili, nimesimama kati ya ndoo mbili. Marehemu alizaliwa mwaka 1935, mwaka uleule ilipoanzishwa Yanga, na hakuwahi kuamini kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1977, Simba walipowatandika Yanga sita bila, alijifungia ndani siku tatu, na alipotoka alipiga marufuku nyanya mezani kwake kwa sababu ya rangi. Watoto wake wamekua wanakula mchuzi wa nazi mweupe. Mzee mwenye nyumba mwenyewe, mtu mzima wa wajukuu, alionja kachumbari kwa mara ya kwanza siku ya harusi yake, kwa siri.

"Ijumaa tuna hitma ya mwaka," akamalizia. "Turubai litafungwa hapa uani. Dirisha lako linatazama uani. Ndugu wote watakuja, na shangazi yangu macho yake bado ni mazima. Mpaka Ijumaa marehemu awe amebadilisha nguo."

Akatoka. Bati hatukuliongelea tena.

Nikawaza, jambo dogo. Gundi ya unga haishindani na maji. Nitalowesha jezi, nitaibandua, nitaweka nyingine, marehemu wala hatahisi. Usiku wa Jumatano nikachukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu, nikakilaza kifuani pa yule mchezaji, nikahesabu dakika tano. Jezi ikaanza kuinuka ukingoni vizuri kabisa. Nikaivuta. Kilichonisahaulika ni kwamba karatasi ya gazeti ikilowa haina uti wa mgongo, na kwamba maji hayajui mpaka wa shingo. Zilianza ndevu. Zikajikunja, zikawa kama makombo ya kifutio. Nikabonyeza shavu ili kuliokoa, shavu likasogea. Nikaondoa mkono haraka, na lile jicho la kushoto, lile la bei asiyoiamini, likaja nao. Limeganda kwenye kidole gumba changu, linanitazama.

Saa tano na nusu usiku, na mimi nina marehemu wa mtu kidoleni.

Sikulala. Alfajiri nikawa wa kwanza kwa bibi wa vitumbua, mkaa wake haujashika.

"Shikamoo bibi. Nataka magazeti."

"Marahaba. Na vitumbua vingapi?"

"Magazeti tu, bibi."

Alinitazama kama mtu aliyeingia hotelini akaagiza leso. Hatimaye, kwa sharti la vitumbua kumi, akanivutia bunda kutoka chini ya benchi. Nikafunua la kwanza: mzee. La pili: mzee. La tatu, la nne, la saba. Tarehe moja, ukurasa mmoja, baraghashia upande, jicho limefumbwa. Na sasa maneno yote yalikuwepo: familia inatoa shukrani kwa madaktari, majirani na wote walioshiriki kwa hali na mali. Nikahesabu, si ndiyo kazi yangu. Kumi na manane.

"Bibi, haya umeyatoa wapi?"

"Kwa mama mwenye nyumba wako. Kaniuzia kwa kilo. Anasema mume wake alinunua rundo siku lilipotoka, eti ya kumbukumbu, mwaka mzima yanalala juu ya kabati yanafuga mende." Akageuza kitumbua. "Usiniponze, mwanangu."

Nikachukua matatu. Njiani nilikuwa mtu tajiri wa habari ambayo hainisaidii popote.

Alhamisi usiku nikafanya upya. Safari hii sikutafuta mchezaji, nikaikata jezi mwenyewe. Mchoraji Matisse alipokuwa mgonjwa, hawezi tena kusimama mbele ya turubai lake la kuchorea, alishika mkasi akawa anakata karatasi zilizopakwa rangi moja kwa moja, bila kuchora kwanza. Nikasema kama yeye aliweza kitandani, mimi nitashindwaje kwenye jamvi? Kijani nilikipata kwenye kalenda yenye mashamba ya chai, njano kwenye tangazo la mafuta ya kupikia. Kola ilinitoa jasho, maana karatasi ya kalenda inang'aa na gundi ya unga haiipendi, ukiibana huku inanyanyuka kule. Nilimaliza kwa kuilalia na kamusi, pasi ya mkaa isiyo na mkaa, na tofali la sampuli kutoka kazini. Uso sikuugusa kwa maji hata tone. Miguu nikaiacha juu, kwa kuwa niliambiwa siyo neno.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri uani pakajaa. Harufu ya pilau, na ya kweli safari hii. Watoto wa korido walinipita na sahani zao bila hata salamu. Mzee akaja dirishani na shangazi yake, bibi mdogo mwenye macho mazima kama nilivyoahidiwa. Bibi akaitazama kolaji muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Na kola ilikuwa inamkataa hivyohivyo."

Mzee akatoa leso. Akanishika bega kupitia nondo za dirisha. Nami nikaona huu ndio wakati wa kukumbushia bati, nikafungua mdomo.

"Lakini," akasema, akasogeza uso karibu na nondo. "Ile ya kwanza ilikuwa na mafuta kichwani. Hii safi. Hii umeipata wapi?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mwenye nyumba na sinia la tende. Sijawahi kuona mtu akitoa maelezo marefu namna ile kwa nyusi.

"Kwenye... vitumbua, Mzee."

"Vitumbua." Akalitafuna hilo neno. "Mbona haina mafuta?"

"Nilinunua kabla ya vitumbua."

Akanitazama, akamtazama mkewe, akanitazama tena, na jicho lake la kushoto likafumba kidogo, vilevile kabisa. Kisha akageuka, akaingia ndani bila kusema kitu. Mama mwenye nyumba akanipenyezea sinia dirishani, likakwama kwenye nondo, tende zikamwagika kitandani kwangu, naye hakungoja, alishavuta kanga kichwani anaelekea mlango wa uani.

Kutoka ndani tukasikia stuli inaburutwa kuelekea kabatini.