Chanjo nzima, siku ndo mbovu

Jamani wafugaji wenzangu wa Wete na Chake, kila vifaranga wakifa tunasema chanjo feki. Mie mwenyewe mwaka jana nilisema hivohivo, nikenda hadi dukani kwa mtu kugomba (alhamdulillah nikakuta kafunga), kumbe kosa langu. Vifaranga 100 wa kizungu wameshuka na boti, siku ya tatu tu mie nishawapa kwenye maji chanjo ya gumboro, yale maradhi ya virusi yanayoua vifaranga, naona nimewahi. Wiki ya nne wakaanza kujikunyata, kinyesi cheupe majimaji, ikawa kila asubuhi naokota mizoga.

Bwana mifugo akaja akampasua mmoja kwa wembe palepale uani, akanionesha juu ya tundu la nyuma kijifuko kimevimba, kimevilia damu kama zambarau iliyoiva. Hiyo ndo bursa. Mtaliano Fabricius, mchunguzi wa viungo vya mwili, maandishi yake yaliyoitaja yalitoka 1621, halafu miaka 300 na zaidi hakuna aliyejua ina kazi gani, mpaka Mmarekani Bruce Glick akawa anawatoa vifaranga hiyo bursa, mwenziwe Timothy Chang akaazima kuku wake awaoneshe wanafunzi kingamwili (yani askari wa mwili wa kupigana na maradhi) inavotengenezwa, kuku wakagoma kuitengeneza! Kuulizana, wamekatwa bursa. Walilitangaza hilo 1956. Na hizi seli B zinazotutengenezea kingamwili hata sie watu, hiyo B ni ya bursa, yani herufi imetoka matakoni mwa kuku.

Sasa kifaranga akitotolewa seli zake bado zinapikwa humo kwenye bursa, anayemlinda ni mamake, kingamwili alizomwekea kwenye kiini cha yai, nazo zinapungua kidogokidogo, wiki mbili tatu hivi zishakwisha. Ukimchanja za mama bado zimejaa, zinaimaliza chanjo yako, umemwaga hela. Zikesha kwisha, virusi vya gumboro vinaingia vinakula bursa yenyewe, na hata anayepona, ukimpa chanjo ya mdondo haishiki sawasawa, kwani kiwanda kishaungua.

Ndo mana siku hizi kabla ya bei nauliza mama zao wamechanjwa nini na lini, muuzaji akinambia "we chukua tu, wazima hawa", namwachia wake. Gumboro naanza siku ya 14, narudia ya 28, kwa maji ya kisima, ya bomba yenye klorini siyatii. Jirani ananicheka eti nahoji ukoo wa kuku kama naposa.