Leva imegoma P, giaboksi imekosa nini?

Inaudhi sana! Leva ya gia otomatiki imegoma kutoka P (nafasi ya kuegesha), fundi hajafungua hata skrubu moja, tayari anataja bei ya giaboksi. Anzia nyuma ya gari, jamani. Mmoja akanyage breki, mwingine atazame taa za breki. Haziwaki? Kagua fyuzi yake, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki. Bila ishara ya swichi hiyo, solenoidi, yaani kufuli la sumaku ya umeme chini ya leva, haiachii leva.

Taa zikiwaka, washa swichi ya gari, kanyaga breki na usikilize "tik" chini ya leva. Kukiwa kimya, shuku solenoidi au waya wake. Soda iliyomwagikia hapo hunata na kugandisha kila kitu. Kwa dharura, vuta handibreki, kanyaga breki, ingiza bisibisi kwenye kitundu kilicho karibu na leva kilichoandikwa SHIFT LOCK (kama gari lako linacho), bonyeza, vuta leva.

Na leva ikichezacheza huru huku gari halibadili gia, tazama bushi ya plastiki kwenye ncha ya kebo inayounganisha leva na giaboksi. Mara nyingi imekatika. Kijiplastiki cha ukubwa wa kizibo cha soda, na mtu anashushiwa giaboksi nzima!